Ya… Nini? Tukiisubiri albamu ya Khadja Nin



Kila mwalimu wa sarufi katika idara yetu amewahi kuandika ubaoni kwamba kihusishi cha A-unganifu hakisimami peke yake. Hutanguliwa na nomino na kufuatwa na nomino: kalamu ya mwalimu, nyumba ya jirani, barua ya mama. Ukimpa mwanafunzi "ya" tupu atakuuliza papo hapo: ya nini? ya nani? Basi mwaka 1998 mwanamuziki Khadja Nin, mzaliwa wa Bujumbura, alitoa albamu akaipa jina la neno hilo hilo pamoja na vitone vyake: Ya… Vitone hivyo vingali mahali pake hadi leo. Tangu mwaka huo hatujapokea albamu nyingine ya nyimbo mpya kutoka kwake, na wapenzi wake, ambao baadhi yao sasa wana wajukuu, bado wanauliza swali la mwanafunzi: ya nini?

Katika makala haya tunajaribu kuyapima matumaini na mashaka ya wapenzi hao, kisha tutoe maoni yetu kama watu wa lugha. Hatukusudii kupiga ramli. Hakuna tarehe iliyotangazwa tunayoweza kuiandika hapa, na uvumi hatuuchapishi. Tunachotaka kujua ni jambo moja: kusubiri huku kunatuambia nini juu ya nyimbo ambazo tayari tunazo mikononi, na juu yetu sisi tunaosubiri?

Jioni moja Gishubi

Mjadala huu ulizuka Gishubi, mkoani Gitega, wakati wa mazoezi ya kufundisha. Masomo ya siku yalikuwa yamekwisha, mvua ilikuwa ikinyesha, nasi tulikuwa tumejibanza kwenye baraza ya duka moja pamoja na wanafunzi wetu. Mmoja wao alitoa simu akacheza wimbo wa Sambolera. Mwenye duka, mama wa makamo, aliacha kupima mchele.

"Huyu nilimsikia redioni nikiwa msichana," alisema kwa Kirundi. "Wimbo wote niliuweza, lakini neno hata moja sikulijua."

Binti yake, ambaye alikuwa darasa la tisa, alikuwa amekaa juu ya gunia akiandika zoezi la Kiswahili. Wimbo uliofuata ulikuwa Sina Mali, Sina Deni. Binti akainua kichwa, akamweleza mama yake maana ya maneno hayo manne. Mama akafikiri kidogo, halafu akacheka sana. "Basi huyo si mimi," akasema. "Mimi mali sina, na deni ninalo."

Tangu hapo baraza ikageuka ukumbi. Mwalimu mmoja mstaafu wa pale Gishubi, aliyekuwa akingoja mvua ipungue, alisema afadhali mwimbaji huyu asitoe kitu tena, kwa sababu kumbukumbu njema ni kama chungu kilichopona safari ndefu, haifai kukirudisha barabarani. Mwanafunzi wetu mwenye asili ya Muyinga, aliyekulia karibu na mpaka wa Kobero ambako Kiswahili cha Tanzania husikika kila siku sokoni, alisema kuwa yeye angependa albamu mpya, ila anaogopa kwamba Kiswahili chake hakitafanana na kile kinachotahiniwa. Mwingine alisema ni afadhali kisifanane. Mvua ilipokatika hatukuwa tumemaliza, na ndiyo sababu tumeamua kuendelea katika ukurasa huu.

Mwimbaji na kazi zake

Kwa faida ya wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza, tukumbushe kwa ufupi. Khadja Nin alizaliwa Bujumbura mwaka 1959. Kazi yake ya kurekodi aliifanyia Ulaya, hasa Ubelgiji, akishirikiana na Nicolas Fiszman, mpiga gitaa na besi wa nchi hiyo. Baada ya albamu ya kwanza iliyobeba jina lake mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilifuata Ya Pili mwaka 1994, Sambolera mwaka 1996, na Ya… mwaka 1998. Sambolera ndiyo iliyomtangaza zaidi: wimbo wa Sambolera Mayi Son ulisikika sana Ufaransa na Ubelgiji. Aliimba kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, lakini Kiswahili ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya sifa zake. Jina lake halikufutika baadaye. Mwaka 2018 alikuwa miongoni mwa waamuzi tisa wa mashindano makuu ya tamasha la filamu la Cannes, chini ya uenyekiti wa Cate Blanchett. Watazamaji wengi waliosikia jina lake mwaka huo walilikumbuka kwa nyimbo za miaka ishirini nyuma.

Tuzingatie miaka hiyo ya albamu. Nyimbo hizi zilitoka wakati Burundi ilipokuwa katika vita vilivyoanza mwaka 1993. Watu wa vilima vyetu walizisikia, kama walizisikia, kwa redio ya betri, katikati ya taarifa ambazo hatuna haja ya kuzirudia hapa. Sauti ya mwanamke wa nyumbani iliyokuwa ikiimba taratibu, bila kupaza na bila kuharakisha, ilishika mahali fulani katika mioyo ya watu hata kama maneno yalipita pembeni. Anayetaka kuelewa mapenzi ya wasikilizaji hao asisahau jambo hili. Wengi hawaisubiri albamu tu. Wanasubiri kuhakikishiwa kwamba kile kilichowapoza wakati ule kilikuwa kitu cha kweli.

Matumaini ya wapenzi

Tumewasikiliza wanafunzi, walimu na jamaa zao, na matumaini yao tunaweza kuyagawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza linatamani kurudishiwa kile kile: gitaa lile, waitikiaji wale, mwendo ule wa mtu anayetembea hali akijua atafika. Hili ni tumaini la kawaida la mpenzi yeyote wa mwanamuziki mkongwe, na ndilo dhaifu kuliko yote, kwa sababu kile kile tayari kipo. Anayekitaka akifungue akisikilize.

Fungu la pili linatamani ushuhuda. Khadja Nin amekwisha kuvuka miaka 60. Wapenzi hawa wanasema mwimbaji wa umri huo ana mambo ya kusema ambayo msichana wa miaka ishirini hawezi kuyasema: kuondoka nyumbani na kuzeeka ugenini, kufiwa, kulea, kuitazama nchi yako kwa mbali. Lugha ya Kiswahili ina hazina kubwa ya nyimbo za wanawake vijana na za mabibi harusi, ila nyimbo za ajuza anayejisemea mwenyewe ni chache. Tumaini hili lina uzito.

Fungu la tatu, ambalo wengi wake ni wanafunzi wetu, linatamani Kiswahili. Hawa wanasema kwamba muziki mwingi wa Kiswahili wanaousikia unatoka Dar es Salaam au Nairobi, na kwamba Mrundi anapoimba Kiswahili huonekana kama mgeni aliyekodi nyumba. Wanataka kusikia Kiswahili kilichozaliwa Bujumbura kikiimbwa na mtu asiyeomba radhi.

Mashaka yao

Mashaka nayo yapo, na hatuna budi kuyataja kwa haki.

La kwanza ni sauti. Sauti ya Khadja Nin haikuwahi kuwa ya kupasua anga. Ilikuwa ya chini, ya karibu, kama ya mtu anayezungumza nawe ng'ambo ya meza. Wanaohofia kwamba umri umeiharibu wanasahau kuwa sauti za namna hiyo huzeeka vizuri. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwezi Aprili 2013, aliimba hadi uzeeni kabisa na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Mikwaruzo ya sauti yake ikawa sehemu ya utamu. Shaka hili hatuliungi mkono.

La pili ni mitambo. Watu wanaogopa kwamba mtayarishaji wa leo atamvika mwimbaji mkongwe midundo ya kompyuta ili apendwe na vijana, na matokeo yake yawe kama mzee aliyevaa suruali ya mjukuu. Hofu hii ina msingi. Hata hivyo tuseme ukweli: albamu za miaka ya 1990 nazo zilivishwa nguo za wakati wake. Nguo hizo tumezizoea, ndiyo maana tunaziona kama ngozi.

La tatu ni gumu zaidi: je, kuna haja? Mwalimu mstaafu wa Gishubi aliposema afadhali asitoe, hakuwa akimdharau mwimbaji. Alikuwa akimlinda. Tunao mfano wa Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947, akahamia Dar es Salaam mwaka 1978, akatoa Songs for the Poor Man mwaka 1989, na miaka yake ya mwisho akaacha muziki wa dansi akageukia nyimbo za dini mpaka alipofariki Desemba 2010. Wapenzi wake waliokuwa wakingoja mambo ya zamani hawakuyapata. Walilalamika, lakini mtu alikuwa na haki ya kubadilika. Kwa upande mwingine tunaye Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi aliyejijengea jina Nairobi na bendi yake ya Virunga, ambaye baada ya kuhamia Marekani alitoa Song and Dance mwaka 2006 na kuonyesha kwamba mkongwe anaweza kurudi bila kujiaibisha. Mifano hii miwili haitoi kanuni. Inatukumbusha tu kwamba msanii hana mkataba na kumbukumbu zetu.

Tuiangalie kazi yenyewe

Sasa tuache kusubiri kwa muda, tuhakiki. Tuchukue kichwa kimoja tu, kile kilichomchekesha mama wa Gishubi.

Sina Mali, Sina Deni, uliomo katika albamu ya mwaka 1996, umejengwa juu ya wimbo wa Stevie Wonder uitwao Free, uliotoka katika albamu yake ya Characters mwaka 1987. Wanafunzi wa tafsiri watuambie: neno hilo la Kiingereza wangelitafsirije? Kamusi zitawapa "huru". Ni jibu sahihi, na darasani lingepata alama zote. Lakini neno "uhuru" kwetu lina mzigo. Ni neno la tarehe 1 Julai 1962, la gwaride na la hotuba. Ukiliweka katika wimbo, msikilizaji anatazama bendera kabla ya kumtazama mtu.

Khadja Nin hakulitumia katika kichwa. Badala ya neno moja aliweka sentensi mbili fupi, zote kanushi, zenye kitenzi kimoja kinachorudiwa. Fani hiyo ni ya methali: pande mbili zenye urari, mizani ikilingana, silabi nne upande huu na nne upande ule. Na maudhui yake yanabadilika pia. Uhuru haukufafanuliwa kwa kile mtu alichonacho. Umefafanuliwa kwa vitu viwili ambavyo hana. La kwanza katika hivyo viwili watu hulililia, la pili hulikimbia, na mwimbaji ameyaweka katika mizani moja kana kwamba yana uzito sawa. Asiye na mali ni maskini. Asiye na deni ni mtu mzima. Asiye na vyote viwili ni nani? Wimbo unaliacha swali hilo mlangoni mwa msikilizaji, na mama wa Gishubi alilijibu papo hapo kwa hesabu za duka lake. Huko ndiko kufaulu kwa tafsiri: asili ilisema na Mmarekani, na tafsiri ikasema na mwenye duka wa kilimani.

Vichwa vingine navyo vinafaa darasani. Wale Watu unaweza kufungua somo zima juu ya nafasi ya kivumishi kioneshi: kuna tofauti gani kati ya "watu wale" na "wale watu"? Mwanafunzi anayesikia tofauti hiyo kwa sikio haitaji kukaririshwa. Ya Pili unadai nomino ya ngeli ya I-ZI iliyofichwa: albamu? safari? nafasi? Na Sambolera ni kichwa kinachowatoa wanafunzi jasho, kwa kuwa neno hilo hulipati katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kutolipata huko nako ni somo. Kiswahili cha Bujumbura kilikua baina ya Ujiji, Uvira na vilima vya Kirundi. Hakikuomba ruhusa ya kamusi kabla ya kuimba.

Sasa lawama, kwa maana uhakiki usio na lawama ni tangazo. Albamu hizi zilitengenezwa zikiwalenga wasikilizaji wa Ulaya, na mahali pengine jambo hilo linasikika. Kuna nyakati ambapo lugha inatumika kama rangi badala ya maana: neno linarudiwa kwa sababu lina sauti tamu katika sikio la asiyelijua, wakati anayelijua anangoja sentensi iendelee nayo haiendelei. Kuna upambaji laini mno, ambapo kila kona imepigwa randa mpaka mkono haupati mahali pa kushika. Mwanafunzi wetu mmoja alisema kwamba katika baadhi ya nyimbo anahisi kuwa anaongelewa mbele yake na watu wanaodhani haelewi. Ni kauli kali, lakini hatuwezi kuikana yote.

Nani alikuwa akisikiliza?

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo tunaliona kuwa kiini cha makala haya.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Sahani ziliporudi, watu wa pwani walizisikiliza wakielewa kila neno, wakabishana juu ya kila fumbo. Na alipatikana mwandishi, naye si mwingine ila Shaaban Robert, aliyekaa akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Mwimbaji alipata wasikilizaji wa lugha yake, na akapata mwandishi wa lugha yake.

Khadja Nin alipoimba Kiswahili katika miaka ya 1990, wengi wa walionunua kazi zake hawakujua Kiswahili. Na katika nchi aliyozaliwa, wengi wa waliomsikia vilimani hawakukijua pia. Waliokijua walikuwa katika mitaa kama Buyenzi ya Bujumbura na katika vitongoji vya waswahili vya miji mingine, na wao walikuwa wakibeba jina zito. Kila Mrundi anajua kwamba kumwita mtu "umuswahili" mara nyingi hakukuwa kueleza lugha yake tu. Ilikuwa ni kumwambia kwamba ni mjanja, mtu wa mjini asiye na shamba, mtu wa kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Tangu enzi za wakoloni shule na misheni zilikipa Kirundi na Kifaransa heshima. Kiswahili kilibaki na gati, soko na gereji. Mwimbaji aliyekichukua Kiswahili hicho akakipeleka kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya alikitendea jambo ambalo sisi walimu tulichukua miaka mingi kulifanya.

Nasi tulimlipa nini? Tumepekua kumbukumbu za idara. Tumeona tasnifu juu ya riwaya za Tanzania, juu ya tamthilia za Kenya, juu ya mashairi ya pwani. Juu ya nyimbo za Kiswahili za Mrundi huyu hatukuona hata moja katika rafu zetu. Tuliwaachia waandishi wa magazeti ya Ulaya wazungumzie "sauti ya Afrika", nao hawawezi kulaumiwa kwa kutozungumzia ngeli na mizani. Kazi hiyo ilikuwa yetu.

Lakini hali imebadilika, na ndipo matumaini yanapopata miguu. Katika miaka ya 2000 Kiswahili kiliingizwa katika shule za msingi za Burundi. Mwezi Julai 2007 nchi yetu ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Shule ya msingi ya miaka tisa ilipoanzishwa mwaka 2013, Kiswahili kiliwekwa katika uwanja wa lugha pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Vitabu havitoshi, walimu hawatoshi, saa za somo ni chache. Yote hayo tunayajua kwa sababu sisi ndio tunaoyavumilia. Hata hivyo, pale Gishubi, juu ya gunia, alikuwapo binti aliyeweza kumfasiria mama yake wimbo ambao mama alikuwa ameubeba tangu usichana wake bila kuufungua.

Basi albamu mpya, kama ingekuja, ingewakuta wasikilizaji ambao zile za zamani hazikuwakuta: watoto wa vilimani wanaoelewa maneno. Hili ndilo tumaini letu, nalo halimo katika yale mafungu matatu. Na shaka letu linatoka hapo hapo: je, mwimbaji anajua kwamba wasikilizaji hao wamezaliwa? Mtu aliyeondoka nyumba ikiwa tupu anaweza kuendelea kuimba kana kwamba bado ni tupu.

Hukumu yetu

Hapa Gitega tuna shule nyingine ya ukongwe, nayo ni ngoma. Pale Gishora, na kokote ambako ngoma za kifalme hupigwa, mpigaji huingia katikati, hupiga ngoma kuu iitwayo Inkiranya, hucheza, kisha humwachia mwenzake nafasi, mkubwa kwa mdogo, wakati ngoma nyingine zikiendelea kushika mdundo. Hakuna anayemuuliza mzee aliyerudi kwenye mstari: utarudi lini katikati? Yumo bado katika ngoma. Anashika mdundo ili mwingine aruke.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Kama albamu itakuja, tunaiomba iwe na mambo mawili. Kwanza, maneno mengi kuliko yale ya zamani: sentensi zifike mwisho, kwa sababu sasa kuna watu wanaozifuata. Pili, Kiswahili kibaki cha Bujumbura. Mwanafunzi wetu wa Muyinga asiogope. Kusema "mutu" nyumbani na kuandika "mtu" katika mtihani si kosa la jinai. Ni ujuzi wa lahaja mbili, na mwalimu mwema huufundisha hivyo. Usanifu ni nguo ya shughuli, na hakuna anayelala nayo.

Na kama haitakuja, hatuna cha kumdai. Aliyekuwa na deni ni sisi. Tunapendekeza kwa walimu wenzetu mambo machache wanayoweza kuanza nayo muhula ujao. Chagueni wimbo mmoja, wanafunzi wausikilize mara tatu na kuyaandika maneno wanayoyasikia. Palipo na tofauti kati ya daftari na daftari, hapo pana somo la fonolojia. Wapeni kazi ya kulinganisha kichwa cha Free na kile cha Sina Mali, Sina Deni, kisha watafute njia ya tatu ya kusema jambo hilo kwa Kirundi. Waambieni waende nyumbani wakamuulize mtu mzima mmoja aliwahi kuusikia wimbo huo wapi, na alidhani unasema nini. Majibu hayo yakikusanywa kutoka vilima kadhaa yatakuwa ni utafiti ambao haujafanywa, na hauhitaji fedha za mfadhili. Kwa wale wanaopenda sauti za vijana zaidi, wamchukue Kidum, Mrundi mwingine aliyeishi Nairobi tangu miaka ya 1990, na wimbo wake na Juliana Kanyomozi, Haturudi Nyuma. Wapime jinsi wakati uliopo kanushi unavyoweza kubeba ahadi ya wakati ujao.

Tunarudi kwenye vitone. Tulipokuwa tukiondoka Gishubi asubuhi iliyofuata tulipita dukani kuaga. Mama alituambia kwamba usiku binti yake amemwimbia wimbo ule tena, polepole, akisimama kwenye kila neno kama mtu anayepanga mayai. Kisha akamuuliza mmoja wetu: "Sasa mwalimu, huyu mwimbaji akitoa mwingine, mtamwambia kwamba siku hizi tunaelewa?"

Hatukuwa na jibu zuri siku ile. Tumeandika makala haya ili angalau yawepo mahali.

Tunawakaribisha wasomaji kutuletea maoni yao, hasa wale watakaofanya zoezi la tatu pamoja na wanafunzi wao. Majibu yatakayotufikia tutayachapisha katika toleo lijalo, bila kutaja majina ya wazazi waliohojiwa.